Mpima vito wa ghorofani, nyuma ya mitaa ya masonara: nilimpelekea mawe ya shangazi yanayobadilika rangi

Nianze na bei, maana najua ndiyo wengi mnaiwahi: shilingi 15,000 kwa jiwe moja, na ukileta mengi anakupunguzia kidogo. Mimi nilipeleka matano nikalipa 60,000. Kwa hela hiyo unapimiwa kila jiwe ukiwa umekaa hapohapo unaangalia, unapewa karatasi ya maandishi, na maelezo unayapata mpaka uchoke wewe. Mzee hanunui mawe wala hauzi. Ukimuuliza jiwe lako lina thamani gani anakujibu, "Hapa tunapima tu, mama." Hilo ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Mawe yenyewe yalitoka kwa marehemu shangazi yetu wa Tanga. Aliacha kikasha cha dhahabu za zamani: pete, hereni, kidani, bangili zilizopinda. Warithi tukaafikiana viuzwe, kila mtu apate haki yake. Aliyewahi kuuza dhahabu kuukuu anajua kinachofuata. Mzani wa sonara hautaki jiwe. Fundi anachukua koleo, anafungua kucha za pete moja baada ya nyingine, jiwe linadondoka kwenye kisahani, dhahabu inakwenda kupimwa. Tukagawana hela, na mawe tukakunjiwa kwenye kipande cha karatasi. Hakuna ndugu aliyeyataka. Yakaja kwangu kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mkoba wenye zipu.

Yalikuwa matano. Moja kubwa la pete, ambalo nyumbani tangu utoto wetu tuliliita pete ya kinyonga. Mawili madogo ya hereni, mapacha. Moja la kidani, la zambarau hafifu. Na moja dogo la mviringo, lililokuwa kwenye pete nyembamba ambayo shangazi aliivaa kidole cha mwisho na sidhani kama kuna aliyewahi kuitazama vizuri. Yote yanabadilika rangi, kila moja kwa namna yake. Shangazi alikuwa na ugonjwa huo, kitu kisipocheza na mwanga hakinunui.

Kabla ya kufika kwa mzee nilipita duka moja la vito pale mjini. Kijana wa kaunta akayamulika kwa tochi ya simu, hata kiti hakunipa, akasema, "Dada, hizi ni chupa tu." Sekunde hiyohiyo akaniambia atanipa laki moja kwa yote, anisaidie. Nikajiuliza chupa gani hizo zinanunuliwa laki moja. Nilipotoka, broka mmoja wa pale nje akanifuata, akatoa lupu yake, kile kioo kidogo cha kukuzia, akaliangalia lile kubwa, sauti ikashuka: "Mama, hiyo ni aleksi. Usimwonyeshe mtu mwingine." Alimaanisha aleksandraiti, kito ghali kinachobadilika rangi. Akataka nimwachie hadi jioni akamwonyeshe mteja wake. Jamani. Hatua kumi kutoka mlango mmoja, jiwe limeshakuwa chupa na limeshakuwa mali ya mamilioni, na hakuna aliyepima chochote. Wote wawili wana faida kwenye jibu wanalokupa: mmoja anataka ununuzi wa chee, mwingine anataka uliachie mikononi mwake.

Nikarusha picha mbili za lile kubwa kwenye grupu la familia, moja ya mchana na moja ya chini ya taa. Huko ndiko vurugu zaidi. Binamu yangu aliyeko Muscat akasema anaona bluu picha zote mbili, mwingine akasema nimepiga picha vitu viwili tofauti. Hili nalifahamu kwa sababu ya kazi yangu: kamera ya simu inajirekebisha yenyewe. Ukipiga picha chini ya taa ya njano, simu inaupunguza unjano ili kila kitu kionekane kama mchana. Kwa hiyo mabadiliko unayoyaona kwa macho, simu inayafuta kabla hujabonyeza kutuma. Anayekuambia "nitumie picha nikwambie jiwe gani" kwa mawe ya aina hii, msalimie tu mwende zenu.

Mimi nauza taa Kariakoo. Kila boksi la balbu lina namba pembeni, 3000K au 6500K, lakini wateja hawaisomi. Wanasema nipe ya njano, nipe nyeupe. Ya njano imebeba wekundu mwingi, nyeupe imebeba bluu nyingi. Jiwe linalobadilika rangi linaishi kwenye tofauti hiyo. Linanyonya mwanga wa katikati, upande wa manjano, na kupitisha sehemu mbili: ya kijani na bluu, na ile ya nyekundu. Mwanga wa mchana una bluu na kijani ya kutosha, basi jiwe linaonekana la upande huo. Balbu ya waya au mshumaa umejaa nyekundu, na jiwe linageuka. Ndani ya jiwe hakuna kilichosogea. Ila muwe makini na LED ya njano: kwa macho inafanana na balbu ya waya, lakini LED nyingi hazina ule wekundu wa mwisho kabisa ambao balbu ya waya inao kwa wingi, kwa hiyo jiwe linaweza kugeuka nusunusu na ukadhani halina kitu.

Basi nilipopanda zile ngazi na kukuta meza iko dirishani, na pembeni taa ya mezani yenye balbu ya waya ya wati 60, nilijua huyu mtu anajua anachofanya. Balbu hizo siku hizi kuzipata ni kazi. Kwenye ghala langu zilikuwa zimebaki chache na nilimpelekea baadaye. Alitaka kulipa, nikakataa, akanilazimisha.

Jengo ni la zamani, katikati ya Dar, nyuma kidogo ya Mtaa wa Indira Gandhi ambako masonara wamejaa. Mlango hauna kibao. Jina lake halitaki mitandaoni na nimemheshimu. Ukiuliza masonara wa mtaa ule "mzee anayepima mawe" watakuelekeza, wengine kwa kununa. Chumba ni kidogo, feni inapiga kelele, na meza ina vitu vichache kuliko nilivyotarajia: mzani mdogo wa kidijitali, hadubini, kiboksi kimoja cha chuma, na mkebe wa biskuti ambamo anahifadhi vikorokoro vyake vingine. Ujana wake aliutumia kwenye mashimo ya vito ya Umba kule Tanga, halafu kwenye meza za ukataji wa vito. Mawe ameyashika kabla baadhi yetu hatujazaliwa.

Akaanza na lile kubwa. Alilisogeza dirishani, likawa bluu ya kijivu. Akalipeleka chini ya balbu, likawa zambarau inayoelekea pinki. Akaniuliza, "Kijani umeiona?" Nikasema hapana. Akasema aleksandraiti nzuri mchana ni kijani na chini ya balbu ni nyekundu. Hii imetoka bluu ikaenda zambarau, hiyo ni njia ya jiwe jingine. Kisha akaongeza kwamba rangi peke yake haitoshi kumhukumu mtu, akavuta mzani.

Kipimo hiki cha maji nakieleza kwa kirefu kwa kuwa ndicho kilichonikaa. Alilipima kwanza kavu: gramu 1.840. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo lile jiwe ni karati 9.2. Halafu akaweka kidaraja cha plastiki kikavuka juu ya sahani ya mzani bila kuigusa, juu yake akaweka glasi ya maji, na kwenye sahani akasimamisha kifremu chenye kikapu cha waya kinachoning'inia ndani ya maji. Akarudisha mzani kwenye sifuri. Jiwe likaingia kikapuni. Namba ikasimama 1.374. Akachungulia, akaona kipovu cha hewa kimeng'ang'ania ubavuni mwa jiwe, akakigusa kwa ncha ya brashi kikapanda juu, na namba ikawa 1.380. Tofauti ya kavu na majini ni 0.460. Akanisukumia kikokotoo nigawe mwenyewe: 1.840 kwa 0.460, jibu 4.00.

"Yakuti," akasema. Yakuti yote, iwe ile nyekundu tunayoiita rubi au safaya ya bluu, uzito wake ni mara nne ya maji. Aleksandraiti ni 3.73 hivi. Aleksi ya yule broka iliishia kwenye glasi ya maji, na nilifanya hesabu kwa vidole vyangu.

Hakuishia hapo. Kile kiboksi cha chuma ni rifraktomita, kinapima mwanga unapinda kiasi gani ukiingia kwenye jiwe. Kina uso mdogo wa kioo juu. Anadondosha tone moja la kimiminika, tone dogo kuliko punje ya mchele, analilaza jiwe kifudifudi, kisha unachungulia kwenye tundu na kuona skeli yenye kivuli. Kile kimiminika kina kiberiti ndani yake na kinanuka vibaya, msiende mmeshika chakula. Kivuli kilisimama 1.762, na alipoligeuza jiwe taratibu kikajitokeza cha pili kwenye 1.770. Vivuli viwili maana yake jiwe linaupasua mwanga mara mbili, na namba hizo ni za yakuti. Aleksandraiti ingekaa kati ya 1.746 na 1.755. Ukiangalia namba hizo zilivyokaribiana unaelewa kwa nini mtu wa tochi ya simu hawezi kujua.

Sasa je, yakuti ya ardhini au ya kiwandani? Hapa akatoa kwenye mkebe wa biskuti kijibomba kama cha urefu wa kidole, spektroskopu, akalimulika jiwe kwa nyuma na kuniambia niweke jicho. Niliona upinde wa mvua, na kwenye bluu kuna mstari mwembamba mweusi umesimama wima. Nilidhani ni unywele. Alisema mstari ule, uliopo nanomita 475, ni alama ya yakuti ya kiwandani iliyotiwa metali ya vanadi ili ibadilike rangi. Mwisho akalizamisha jiwe kwenye kimiminika chini ya hadubini na kunionyesha mistari ya ukuaji: imepinda, kama mifereji ya sahani ya santuri. Jiwe lililokulia ardhini mistari yake inanyooka na kukata kona. Iliyopinda inatoka kwenye njia aliyoitangaza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902, ambapo unga unapitishwa kwenye mwali mkali wa moto, unayeyuka, unadondoka juu ya kifimbo na kuganda tabaka kwa tabaka, kila tabaka limepinda kama kichwa cha uyoga.

Nilimweleza kwamba mume wa shangazi alikuwa baharia na pete aliinunua Port Said, meli yao ikisubiri kupita Suez. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Anasema pete za namna ile zimeletwa pwani yote hii na mabaharia, zikiuzwa Misri kwa jina la aleksandraiti. Ile ya kweli ilipatikana kwanza Milima ya Ural huko Urusi miaka ya 1830, ikapewa jina la mwana wa mfalme aliyekuja kuwa Tsar Alexander II. Na hapa kwetu ipo, karibu na Ziwa Manyara na kule Tunduru, lakini akanikumbusha kwamba aleksandraiti ya karati 9 isiyo na doa hata moja haikai kwenye pete ya baharia wa kawaida. Mimi pete ile naipenda palepale. Sitaiita feki mbele ya watoto wa shangazi, ni yakuti, tena ngumu kuliko aleksandraiti yenyewe: ugumu wake ni 9, aleksandraiti ni 8.5.

La kidani halikuchukua muda. Juani zambarau hafifu, chini ya balbu zambarau ileile, lakini chini ya taa ndefu ya tyubu kwenye korido likawa bluu ya maji. Kioo kilichotiwa metali ya neodimi. Kwenye hadubini vipovu vya duara vinaonekana, kwenye spektroskopu kuna ukanda mweusi mpana umekaa kwenye manjano, rifraktomita ikasoma 1.5 na ushee, kwisha habari. Kwa hiyo kijana wa dukani alipatia, moja kati ya matano. Muuzaji wa taa niliyeko ndani yangu alifurahi na kioo hiki kuliko inavyostahili. Nimekiweka kaunta dukani, mteja akinibishia kwamba taa nyeupe zote ni sawa nakimulikia kwa mbili tofauti.

Mapacha wa hereni ni tanzanaiti, na hapa niseme nilishangaa, maana nilizoea kuona tanzanaiti za dukani zilizokolea bluu. Hizi ni hafifu, mchana bluu na chini ya balbu zinavuta urujuani. Rifraktomita ilisoma 1.69 hadi 1.70. Kisha akatoa dikroskopu, kijibomba kingine, kinachokugawia rangi mbili za jiwe zikae bega kwa bega kwenye vidirisha viwili: kimoja bluu, kimoja urujuani. Ukiligeuza jiwe vinabadilishana. Jiwe ambalo halijachomwa huonyesha na rangi ya tatu, ya kahawia au njano, na moto ndio unaoiondoa; nyingi za sokoni zimechomwa na si aibu, ndivyo biashara ilivyo tangu zilipopatikana Merelani mwaka 1967 na Tiffany wa New York kuzipa jina mwaka uliofuata.

Kwenye lupu yake aliniwekea moja ya hizo tanzanaiti na kuniambia nitazame kingo tu, nisitazame rangi. Kingo zote za juu, ambazo zingetakiwa kukata kama wembe, zimelika na kuwa butu, na uso wa juu umejaa mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande. Shangazi hakuzigonga popote. Tanzanaiti ugumu wake ni kati ya 6 na 7, na vumbi la nyumbani lina chembe za mchanga wa kwazi zenye ugumu wa 7. Kila ulipofuta hereni kwa kanga, ulikuwa unazipiga msasa. Akaniambia zinaweza kung'arishwa upya na kupoteza uzito kidogo tu, ila sonara asizichomee karibu wala asizitumbukize kwenye ile mashine ya kusafishia kwa mtetemo, zitapasuka. Hilo peke yake lilikuwa na thamani ya 15,000.

Hapo umeme ukakatika. Feni ikanyamaza, hadubini ikazima, joto la mji likaingia kwa mlango. Mzee hakuonekana kushtuka, akaagiza kahawa chungu na kashata kwa muuza kahawa wa chini, tukangoja. Rifraktomita aliendelea nayo kwa tochi aliyoifunga karatasi ya njano, lakini hadubini ilibidi isubiri. Kama una haraka, hili litakukera. Mimi kahawa ilinituliza.

Jiwe la mwisho, lile dogo la kidole cha mwisho. Karati 1.3. Dirishani lilikuwa kijani iliyochanganyika na bluu, rangi ya kuchelewa kuiamua. Umeme uliporudi akaliweka chini ya balbu na mimi nikasema "Heee!" kwa sauti. Nyekundu. Si zambarau, si pinki, nyekundu iliyoiva yenye uzambarau kwa mbali. Hilo ndilo lililobadilika kuliko yote, na ndilo tuliloliona dogo kiasi cha kutaka kumpa mtoto achezee.

Hapa mzee akawa mtu mwingine. Hakusema neno, akafuta uso wa rifraktomita mara mbili, akalilaza. Kivuli kikaja karibu na 1.76. Mimi nilishakuwa mtaalamu, nikasema yakuti. Akasema, "Ligeuze." Nikaligeuza mzunguko mzima, kivuli kimoja tu, hakikugawanyika. Yakuti ingegawanyika. Aleksandraiti ingegawanyika. Akaliweka kati ya vioo viwili vyeusi vya kuchuja mwanga, vilivyokaa kwa kukatana hivi kwamba mwanga haupiti. Jiwe linalopasua mwanga mara mbili likizungushwa hapo linawaka na kuzima, linawaka na kuzima. Hili lilibaki giza mwanzo hadi mwisho. Spino, kito kingine, pia inabaki giza, lakini namba ya spino ni ya chini zaidi, 1.72 au 1.73. Kipimo cha maji alikataa kukitumia, anasema jiwe dogo hivi kosa la kipovu kimoja linatosha kukudanganya.

"Ganeti," akasema, na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimeingia. Ganeti inayobadilika rangi, vanadi na kromi ndani yake ndizo zinazoleta mchezo huo. Nikauliza lile swali la kiwandani. Akasema ganeti za namna hii hazitengenezwi viwandani kibiashara, na wala kwa kawaida hazichomwi kubadilishwa rangi, kwa hiyo likishathibitika kuwa ganeti ya aina hii, limetoka ardhini lilivyo. Bonde la Umba linatoa mawe hayo, Madagaska na Sri Lanka pia. Nilimwambia shangazi alikaa Tanga maisha yake yote. Akainua mabega. "Kwenye karatasi siandiki Umba. Naandika nilichopima." Nilimbembeleza, maana neno Umba lingependeza kwenye simulizi za familia, hakuandika. Huo msimamo ulinikera kwa dakika moja, na ndio ninaomsifia sasa.

Kasoro zipo, nisije nikaonekana nimelipwa. Karatasi anayokupa imeandikwa kwa mkono, ina vipimo vyote na saini, lakini si cheti. Ukitaka kuuza nje au kuuza jiwe la hela nyingi, mnunuzi hataitambua. Pili, kuna mahali vifaa vyake vinafika mwisho na mwenyewe anakiri kabla hujalipa: aleksandraiti iliyotengenezwa maabara ina uzito uleule na namba zilezile za ile ya ardhini, na kama ni safi ndani hawezi kukuapia. Hapo anakuambia upeleke maabara kubwa kama GIA ya Marekani, au uanzie Arusha kwenye Kituo cha Jemolojia Tanzania, na hela ya jiwe hilo hachukui. Tatu, ngazi. Mama mtu mzima mwenye magoti kama yangu ajipange. Nne, hapokei simu akiwa anapima, na anapima muda wote.

Nampa nyota nne na nusu. Ile nusu ni ya ngazi.

Mkienda, kila jiwe lifungwe kwenye karatasi yake peke yake. Mimi nilikuwa nimeyachanganya kwenye kikaratasi kimoja kama nilivyokabidhiwa na sonara, na mzee akanionyesha mkwaruzo mbichi kwenye tanzanaiti moja, kazi ya ile yakuti kubwa iliyokuwa imelala nayo. Yaosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, mafuta ya vidole yanaharibu usomaji. Msiende jioni wala siku ya mvua, mwanga wa dirishani ni nusu ya kipimo. Kama jiwe bado limo kwenye pete, anaweza kulitazama lakini kipimo cha maji hakiwezekani, dhahabu inaingilia uzito. Malipo ni taslimu au kwa simu. Ijumaa anafunga kabla ya saa sita kwenda msikitini, anarudi saa nane na nusu hivi, Jumapili hayupo. Kiti cha mteja ni kimoja, kwa hiyo ukifika andikisha jina kwa kijana anayeuza vocha pale chini, atakuita zamu yako ikifika.